Mwache mama mkwe ampe mtoto yai

*Shangazi, nimeolewa miaka mitano. Huu ni mwaka wa tatu tangu niache nyama, samaki, mayai na maziwa, na nyumbani kwangu vitu hivyo havipikwi. Mume wangu anakula soseji kazini kila siku kisha ananificha. Mama yake alipokuja kukaa nasi nilimkuta akimlisha mwanangu wa miezi 10 kiini cha yai kwa siri. Nilipomuuliza akasema eti mtoto amelegea. Mwanangu hajalegea, ni mpole tu, hata kulia halii, ananyonya na kulala. Mimi mwenyewe siumwi, ila uchovu wa kulea na miguu kufa ganzi usiku. Vidonge situmii, hata nilipokuwa na mimba sikumeza, nataka vitu vya asili. Nimemwambia mume achague: mimi na chakula changu, au nyama na mama yake. Nimekosea?*

*Niliyechoka kuhujumiwa*

Pole kwa uchovu, mwanangu. Kulea mtoto mdogo huku nyumba imegawanyika si kazi ndogo. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako kila nikiirudia namwona mtu mmoja tu mwenye haki ya kulalamika, naye hajui hata kusema.

Malalamiko yote ni ya mume na mkwe. Mtoto umemgusia kwa haraka, tena kwa kumsifia, na sifa hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Mtoto wa miezi 10 hulia, hunyakua kijiko mkononi mwako, hukuvuta nywele, humwaga uji. Mtoto asiyelia, anayenyonya na kulala tu, ambaye bibi mwenye uzoefu wa kulea anamshika na kusema amelegea, usikimbilie kumwita mpole. Apelekwe kwa daktari.

Sikiliza kwa nini nasema hivi. Vitamini B12 hatuipati kwa uhakika ila kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, au kwenye vidonge na vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Mboga za majani hazina. Maharage hayana, karanga hazina, na ule unga wa mwani uitwao spirulina unaosifiwa mitandaoni una namna ya B12 ambayo mwili hauwezi kuitumia. Mtu mzima anahitaji kiasi kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka. Kwa hiyo mtu anayeacha vyote hivyo anaweza kujiona mzima kabisa mwanzoni, kumbe anakula akiba. Wewe juu ya hapo ukabeba mimba, ukajifungua, ukanyonyesha, na mtoto akapata kilichobaki.

Mtoto mchanga hana akiba ya kumvusha. Mama akipungukiwa na B12, maziwa yake nayo hupungukiwa, na mtoto hulegea, hulala mno, huchelewa kukaa, wengine husahau hata walichokwisha kujifunza. Akigunduliwa mapema hutibiwa na kuchangamka haraka. Akicheleweshwa, ubongo unaweza kubaki na kasoro. Huenda mwanao ana jambo jingine kabisa, au hana lolote, lakini hilo atalisema daktari, si wewe wala mimi.

Na hiyo ganzi ya miguu uliyoipitisha katikati ya sentensi kana kwamba ni mbu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Omba kipimo cha B12 chenyewe, usiridhike na kuambiwa damu ipo ya kutosha, kwa kuwa folati, vitamini nyingine iliyojaa kwenye mboga za majani, inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Pima na sukari pia, maana ganzi ina vyanzo vingi.

Sikuambii urudie nyama. Mtu mzima anaweza kula mimea mitupu akawa na afya njema, ilimradi ajue anachokifanya. Lakini hata wenye jambo lao, Vegan Society, chama cha Uingereza cha wasiokula chochote kitokanacho na mnyama kilichoanzishwa mwaka 1944, wanawaambia wafuasi wao waziwazi kwamba B12 lazima itoke kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Wewe umechukua makatazo yao ukaacha tahadhari yao. Ukibaki kwenye mimea, kidonge ni lazima, chumvi iwe yenye madini ya joto, dengu na maharage yaliwe na kitu chenye vitamini C kama limau ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri, na chai isubiri, isinywewe pamoja na chakula.

Mumeo naye simtetei kwa kila kitu. Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Gramu 50 kila siku hupandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Hapo una hoja, tena nzito. Ila hoja hiyo umeigeuza fimbo. Mtu mzima akifikia kula kwa kumkwepa mkewe, ujue nyumbani haulizwi neno. Hukuandika mahali popote kwamba mlikaa mkakubaliana. Umeandika "nyumbani kwangu".

Ndoa nyingi za siku hizi zinaumwa ugonjwa huu. Mtu anaona jambo kwenye simu usiku, asubuhi limeshakuwa sheria ya nyumba, na mwenzake akiuliza swali anaambiwa hamuungi mkono. Tunaoa na kuolewa tukitafuta wafuasi. Mama mkwe akifungua mdomo ni adui kabla hata hajamaliza sentensi. Wazee wanakosea, naam, tena sana, lakini jicho lililolea watoto huona mapema, na kulidharau kwa sababu tu limetoka upande wa mume ni kujipofusha.

Mkweo alimlisha mtoto kwa siri, na siri haijengi. Lakini waziwazi ungemruhusu? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Sidhani kama mama huyo ameusoma. Alimwangalia mjukuu wake.

Umeniuliza kama umekosea. Umekosea. Sharti ulilompa mumeo lifute leo, na uwaombe radhi wote wawili.

Kisha kesho asubuhi mpeleke mtoto hospitali, na uende na mama mkwe aeleze mwenyewe alichokiona na tangu lini, kwa sababu ukienda peke yako utasema mtoto ni mpole. Mwambie daktari bila kuzunguka: mwaka wa tatu sijala chochote kitokanacho na mnyama, vidonge sikumeza hata nikiwa na mimba, na ninanyonyesha. Upimwe na wewe siku hiyohiyo.