Umeshapata chuo Marekani na alama zimeporomoka? Waandikie kabla hawajakuandikia

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Unasema uko darasa la kumi na mbili huko Minnesota, vyuo vitatu vimekukubali, halafu alama za muhula wa kwanza zimetoka na kalkulasi una D, fizikia imeshuka kutoka A hadi C. Unauliza kama wanaweza kukunyang'anya nafasi, na mwishoni umesema mama hajui. Wenzangu wawili watatu wamekujibu kwamba ukishakubaliwa umekubaliwa, ulale usingizi. Naomba usilalie maneno hayo. Mimi niliyalalia mwaka 2014 hapa Houston, na familia yangu ikayalipia kwa fedha taslimu.

Najua kwa nini watu wetu husema hivyo. Nyumbani Tanzania mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei, matokeo yanatoka Julai, ndipo unaomba chuo. Barua ya chuo ikifika, shule umeshaiacha nyuma, hakuna alama nyingine ya kuja kukuharibia. Marekani mambo yamegeuzwa. Unaomba Novemba au Januari, majibu mengi yanafika kabla ya Aprili, unalipa amana yako kufikia tarehe 1 Mei, na muda wote huo bado unakaa darasani na walimu bado wanaandika alama. Kwa hiyo barua uliyonayo ni ahadi yenye masharti. Irudie, soma aya ya mwisho mwisho, ile ambayo hakuna anayeisoma siku ya furaha. Utakuta sentensi inayosema nafasi inategemea umalize mwaka wa mwisho vizuri kama ulivyouanza.

Na wanafuatilia kweli. Mshauri wa shule yako hutuma ripoti ya nusu mwaka, na shule ikifungwa anatuma ripoti ya mwisho pamoja na transkripti kamili, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako zote. Ile D yako ama wameshaiona ama wataiona.

Sasa nikueleze yaliyonikuta, maana hayo ndiyo niliyonayo ya kukupa.

Nilikubaliwa chuo kikuu cha jimbo mwezi Desemba, pamoja na ufadhili wa dola 3,500 kwa mwaka. Januari babu yangu akafariki Tanga. Huyo ndiye aliyenilea mpaka nikafika miaka kumi na mitatu, mama akiwa huku anahangaika na makaratasi. Hatukuweza kwenda kuzika. Tulichoweza ni kutuma: michango ya msiba, kisha arobaini, kisha madeni ya hospitali aliyoyaacha. Mama alikuwa akifanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa na kazi dukani saa 12 kwa wiki, nikazipandisha hadi 30. Nafunga duka saa tano usiku, nafika nyumbani saa sita, nafungua daftari la kalkulasi nalala juu yake. Alama ikashuka kuwa C, kisha D. Kiingereza, ambacho sikuwahi kushuka chini ya B, nikapata C. Sikumwambia mtu. Nilijiambia chuo ninacho.

Baruapepe ilifika wiki ya kwanza ya Julai. Nilikuwa chumba cha kufulia, chini kwenye jengo letu, nangoja mashine ya kukausha imalize sare za mama. Ilikuwa fupi: wameona transkripti ya mwisho, alama hazilingani na zile walizonikubalia, nina siku kumi za kujieleza kwa maandishi, na mpaka watakapoamua sitapewa ratiba ya masomo. Niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa sakafuni. Mashine ikanyamaza na mimi bado nipo palepale.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba sikuwa na pa kurudi. Vyuo vingine viwili nilikuwa nimeshavikataa mwezi Mei, kama taratibu zinavyotaka. Na Julai shule imefungwa, washauri wako likizo. Nilikwenda siku mbili mfululizo nikakuta mlango una kufuli. Siku ya tatu mlinzi akaniambia yule mama mshauri anakuja Alhamisi kwa ajili ya masomo ya kiangazi. Nikamngoja kwenye ngazi tangu saa moja asubuhi.

Nilikuwa na barua yangu mkononi, ukurasa mmoja na nusu. Nilikuwa nimeandika kwamba chuo hicho ni ndoto yangu tangu utotoni, kwamba nawasihi, kwamba mimi ni mtu wa bidii, kwamba Mungu atawalipa. Akachukua kalamu akaanza kukata. Alikata ndoto. Alikata kuwasihi. Alikata bidii, akasema bidii wataiona kwenye karatasi nyingine. Kisha akaniuliza maswali manne: nini kilitokea, lini, wewe ulikosea wapi, sasa hivi unafanya nini. La nne sikuwa na jibu. Akaniambia nisirudi kwake mpaka niwe nalo.

Mchana huohuo nilipanda basi hadi chuo cha miaka miwili kilicho karibu na kwetu, nikajiandikisha kalkulasi ya kiangazi, wiki tano, nikalipa kwa hela ya dukani. Barua iliyotumwa ilikuwa na sentensi tano. Bado ninayo: "Alama zangu zilianza kushuka Januari. Babu yangu aliyenilea alifariki mwezi huo, na niliongeza saa zangu za kazi kutoka 12 hadi 30 kwa wiki ili kusaidia familia. Sikuwaambia walimu wala sikuomba msaada, na hilo ni kosa langu. Nimejiandikisha kurudia kalkulasi kiangazi hiki na alama itatoka katikati ya Agosti. Naomba mniruhusu niiwasilishe kabla hamjaamua." Yule mshauri akaambatanisha na barua yake mwenyewe, na nakala ya risiti ya kujiandikisha.

Walinikubali, kwa masharti: muhula wa kwanza niwe chini ya uangalizi, nisishuke chini ya wastani waliouweka. Ufadhili, hapana. Huo ulidai GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.25 mwisho wa shule na mimi nilifunga na 3.18. Dola 3,500 mara miaka minne ni dola 14,000, na mama ndiye aliyezibeba sehemu kubwa kwa zamu za ziada za Jumamosi. Kwa hiyo mtu akikuambia "hawafuti kirahisi," ni kweli, mara nyingi hawafuti. Lakini kati ya kufutwa na kusalimika kuna mambo mengi yanayouma, na fedha ndiyo ya kwanza. Angalia barua ya ufadhili kando na barua ya kukubaliwa. Mara nyingi masharti yake ni makali zaidi.

Tangu nimalize chuo mwaka 2018 vijana wa jumuiya yetu hapa huniletea barua zao Jumamosi, kwa hiyo nimeona nyingi. A ikiwa B hakuna anayeuliza. C moja kwa mtu mwenye B nyingi kwa kawaida hupita. Kinachowaamsha ni D au F, au C kadhaa kwa mtu aliyekuwa na A tupu, au kuacha somo ulilowaandikia kwamba unalisoma. Hilo la mwisho limewaponza wengi wasiojua. Usije ukaikimbia D kwa kuacha kalkulasi bila kuwauliza chuo kwanza. Na vyuo havifanani. Kampasi za Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, zinaandika wazi kwenye masharti kwamba hazitaki D wala F mwaka wa mwisho.

Tena kuna jambo lisilo mikononi mwako kabisa: idadi. Mwaka 2017 kampasi ya Irvine ya chuo hichohicho ilipata wanafunzi wapya kama 850 zaidi ya waliotarajiwa, na kiangazi hicho ikafuta nafasi 499. Kati yao 290 ni kwa kasoro za transkripti, mathalani kuchelewa kufika, na 209 kwa alama za mwaka wa mwisho. Watu walipolalamika, mkuu wa chuo Howard Gillman aliwarudisha wale wa transkripti. Wa alama waliachiwa njia ya rufaa. Kwa hiyo alama ambayo mwaka mmoja ingepita kimya, mwaka wa msongamano inaweza kuwa sababu. Na hakikisha transkripti yako ya mwisho inafika kwa tarehe waliyotaja, hata kama unaona aibu nayo.

Wewe una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Muhula wa pili bado unaendelea, mshauri wako yupo ofisini, na tarehe 1 Mei haijafika. Nenda kwake kesho kabla ya kipindi cha kwanza, mwambie unataka kukiandikia chuo unachokipenda kuhusu D hiyo kabla hawajakuuliza. Mwalimu wa kalkulasi mwulize kitu kimoja tu: nikipata ngapi kuanzia leo, mwaka naufunga na nini? Akikuambia C inawezekana, hiyo ndiyo kazi yako mpaka Juni, na fizikia ifuate. Akikuambia haiwezekani, tafuta leo hii mahali pa kurudia kiangazi. Barua yako iwe na sababu ya kweli. Hukutuambia sababu, na si lazima utuambie, lakini wao waambie. Kama ni uchovu tu na hakuna msiba wala ugonjwa, andika hivyohivyo. Nimeona barua za uchovu zikipokelewa. Za kutunga huwa zinajulikana, maana mshauri naye anaulizwa.

Na ikitokea wakafuta, bado hujafungiwa nje. Kila Mei chama cha washauri wa udahili, NACAC, hutoa orodha ya vyuo ambavyo bado vina nafasi na ufadhili. Chuo cha miaka miwili kinakupokea hata Agosti, na kutoka hapo watu huhamia vyuo vikuu kila mwaka.

Kuhusu mama. Mimi niliificha ile baruapepe siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne alirudi kutoka kazini, akaweka chupa yake ya chai mezani, akaniona nimevaa tayari saa kumi na mbili na nusu nikimngojea mshauri asiyejua kama nakuja. Akaniuliza kuna nini, nikampa simu asome. Alisoma polepole, Kiingereza cha ofisini kinamchosha. Nilitegemea ukali. Akasema, "Kumbe ulikuwa unalipa deni la baba yangu kwa shule yako, na mimi nakuangalia." Kisha akavaa tena viatu, tukaenda wote kukaa kwenye zile ngazi.

Mwambie leo. Ukishaandika rasimu ya barua iweke hapa, ondoa jina lako na la chuo, nitaipitia usiku huohuo.