Mpwa wangu, fremu usiiachie

Marahaba, mpwa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikilizia ndani ya basi, natoka kazini asubuhi, na nimeghadhibika mpaka nikapitiliza kituo. Nani kakwambia nimefungua duka huku Leicester, Uingereza? Mama yako mdogo? Basi naye akae asikie. Ile picha niliyosimama mlangoni, duka ni la Mkurdi mmoja. Mimi nilifuata mihogo. Na wewe kwa picha hiyo moja unataka kuachia fremu yako ya duka Kariakoo, upokee kilemba cha kumpisha mwingine, ukate tiketi, uje “tusimamie biashara pamoja”. Biashara ipi? Mimi nabeba boksi. Usiku saa nne mpaka alfajiri nafungua makatoni na kupanga maziwa kwenye rafu za duka ambalo mwenyewe sijawahi kumwona.

Barabara ya kwenye picha inaitwa Narborough Road. Watafiti wa chuo cha London School of Economics walipita duka kwa duka, na mwaka 2016 ikatangazwa kuwa wenye maduka wamezaliwa katika nchi zaidi ya 20. Kwa hiyo sikatai, wageni wanafungua maduka. Nenda upande wa pili wa mji, Belgrave Road, utakuta Wahindi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, wengi Idi Amin alipowafukuza Uganda mwaka 1972. Toa salamu kwa Kiswahili, mzee wa kaunta atafurahi, atakuuliza maembe ya Dar. Kisha atakupigia hesabu yake mpaka pensi ya mwisho, na kama imepungua utarudisha kitunguu.

Hapo ndipo panaponiuma, na ndiyo maana kila mara nawasumbua na habari za maduka ya zamani. Mnasema mjomba kazeeka. Wewe umezaliwa Kariakoo imeshakuwa maghorofa. Mimi nimeijua Mtaa wa Sikukuu ikiwa na nyumba za bati na baraza mbele, fundi cherehani barazani, na duka la Mpemba pale kona. Bibi ananituma sukari robo, mafuta ya taa ya kutia koroboi, na kipande cha sabuni, mkononi sina hata senti. “Bibi kasema andika.” Mpemba anatoa daftari lake lililolainika kwa mafuta, analamba kidole, anaandika. Sukari anaifunga kwenye gazeti, kwa pembe, haimwagiki hata ukikimbia. Ukimwamkia vizuri unapata pipi ya nyongeza. Juu ya kichwa chake kabandika karatasi: “Kukopa harusi, kulipa matanga.” Na anakopesha mtaa mzima huku ameegemea karatasi hiyo hiyo.

Msidhani nasifia shida. Miaka ya mwanzo ya themanini rafu zilikuwa tupu. Sukari na unga tulifuata duka la kaya, kwa mgawo, na foleni ilipangwa usiku: unaweka jiwe lako, unakwenda kulala, ukirudi jiwe limesogezwa na mtu aliyeapa hajaligusa. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, tukaanza kuona sabuni za kunukia, tukazinusa kwenye karatasi zake kabla ya kuzifungua. Mtaa wa Uhuru kanga zikarudi kuning’inia mpaka nje, na bibi akaweza tena kubisha bei ya doti moja nusu siku nzima.

Bibi alipofariki, makaburini walipouliza nani anamdai marehemu, Mpemba alisimama akasema deni lipo, na amelisamehe. Hakutaja kiasi.

Sasa njoo huku. Nilipofika nilitaka simu ya kulipia kila mwezi. Kompyuta ikatafuta rekodi yangu ya kulipa madeni, ikakuta hakuna, nikakataliwa. Huku asiyewahi kukopa haaminiki! Msichana wa watu hata hakuniangalia usoni, aligeuza tu kioo cha kompyuta nisome mwenyewe.

Nikija kwenu, ndio kabisa. Mimi nimekuwa duka la kaya la ukoo mzima. Foleni haikatiki, na kila mmoja ameshaweka jiwe lake: ada, bati, posa, dawa, pikipiki. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara huku kilipandishwa kuwa paundi 12.21 kwa saa, nikasikia shangwe mpaka Mbagala. Nyie mnaizidisha kwa shilingi mnapata utajiri. Zidisheni na kodi ya chumba basi, na gesi ya Januari, na nauli ya basi, kisha mniambie kimebaki nini.

Karatasi sitaki hata kuzianza. Viza ya kazi tangu Julai 2025 inataka, kwa kawaida, mshahara wa paundi 41,700 kwa mwaka, na muuza duka hayumo kwenye orodha ya kazi zinazokubaliwa. Ukija kwa viza ya kutembea ukafanya kazi, mwajiri anaweza kupigwa faini mpaka paundi 45,000 kwa kichwa chako kimoja, na hiyo ni kwa kosa la kwanza. Nani atakuficha kwa bei hiyo?

Usije. Au kama una akili ya shule, njoo usome, mimi sikuzuii. Mwanangu amesoma hapa bila ada ya shule, na operesheni ya mama yako ililipwa na boksi hizi hizi, siwezi kuzitukana nikamaliza. Lakini usije kwa sababu ya duka. Fremu Kariakoo ukishaiachia huipati tena, wewe mwenyewe uliona soko lilipoungua Julai 2021 watu walivyogombea hata mita mbili za barabarani. Na wateja wako usiwakopeshe hovyo, watakufilisi. Yule mama wa vitumbua mkopeshe, ana watoto.

Ukija kwa nguvu zako, nunua koti huku huku, ya mitumba ya Ilala hayafai kwa Januari. Pesa ya nyongeza ya mtaji sina. Ya dawa za mama yako nitatuma Ijumaa mshahara ukiingia, na nitamtumia yeye moja kwa moja, haipiti kwako.