Nani Amfuate Nani?

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza: wasanii wanaochanganya ala za jadi na mitambo ya kisasa wanauokoa muziki wetu au wanaumaliza? Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti hapa Mombasa. Nafunga spika na maikrofoni kwenye harusi, maulidi na matamasha madogo, na kazi hii nimeifanya miaka 22. Nitaanzia kwenye harusi moja ya Likoni, kwani tangu siku ile swali hili halijanitoka.

Wenye harusi walikodi bendi ya vijana watatu: kinanda, gitaa la besi na mwimbaji. Kisha wakamwita mzee mmoja wa Kidigo aje apulize nzumari bi harusi atakapotolewa. Alasiri tulipojaribu sauti, nzumari na kinanda vikagombana. Kijana wa kinanda alihama noti ya kuanzia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila alipotua alikuta nzumari iko katikati, imeipita noti hii na haijaifikia ile. Mwisho akasema, kwa adabu kabisa, "Ami, nzumari yako haiko sawa." Mzee hakujibu. Aliutoa ulimi wa nzumari, akaufuta, akautia kwenye kikopo chake, akaizungusha nzumari ndani ya kikoi. Walimpa nauli akaondoka kabla ya magharibi. Usiku bi harusi alitolewa kwa kinanda kilichowekwa sauti ya kuiga nzumari, na shangazi zake wakawa wanaulizana mbona mpigaji hakuja.

Lililonichoma ni kwamba dawa nilikuwa naijua. Kinanda cha kisasa kina mahali pa kupandisha au kuteremsha sauti yake yote kidogo kidogo, hata kwa kiasi kisichofika nusu ya noti. Ni kazi ya dakika moja. Nzumari haina mahali hapo: matundu yake yakishatobolewa yametobolewa. Chenye uwezo wa kusogea kilikataa kusogea, na kisichoweza kusogea ndicho kilichorudishwa nyumbani. Nami nilinyamaza, kwa kuwa si mimi niliyeikodi bendi. Nimejuta hadi leo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuchanganya kwenyewe hakuokoi wala hakuui. Ninachokiangalia mimi ni nani amemfuata nani.

Pwani hii haijawahi kuwa na muziki usiochanganywa. Chukueni tashkota, ala ambayo wengi wa rika langu tulikua tukidhani ni ya hapahapa. Tashkota ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na jina lake limetokana na enzi ya Taisho iliyoanza mwaka huohuo. Ni kisanduku chembamba chenye nyaya, na juu yake vitufe kama vya taipureta. Ilipofika kwetu ikatiwa umeme, na ukisikiliza nyimbo za Zuhura Swaleh utaisikia mbele kabisa, ikijibizana na sauti yake juu ya mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani. Nadhani najua kwa nini ilipokelewa hivyo. Sauti yake ni kali, inapenya makofi na vigelegele. Tena tashkota hupiga lahani, yaani tuni, moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kazi yake ni kumfuata mwimbaji, hapo anapopinda nayo ikapinda, anapovuta ikamngoja. Ilitoka mbali, ikakubali kuwa mgeni mwenye adabu.

Juma Bhalo ndiye mfano mgumu zaidi, na ndiye ninayempenda kuliko wote. Alichukua lahani za filamu za Kihindi akaziimbia tarabu, na wapo waliomlaumu kwa hilo, wakaona heri udi, ile ala ya nyuzi, na njia za Kiarabu. Lakini tegeni sikio kwenye kanda zake. Maneno ni ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kilichokamilika, ya vina na mizani, mengine yakiwa ya jamaa yake Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Mimi nikisikiliza nasikia lahani ndiyo inayovutwa au kukatwa ili kina kiangukie mahali pake. Muimbaji hakuvunja shairi ili lienee kwenye lahani ya watu. Alipofariki mwaka 2014 hakuna mtu hapa mjini aliyesema amekufa mwimbaji wa Kihindi. Alizikwa kama mwimbaji wa Mvita, na kanda zake hadi leo husikika madukani Mji wa Kale, zikisikilizwa na watu wasioielewa filamu hata moja.

Zein l'Abdin, Mlamu aliyeishi nasi Mombasa, alishika njia nyingine, ya udi. Shingo ya udi haina vizuizi, kwa hiyo kidole hutafuta noti zilizofichika baina ya noti, zile ambazo kinanda cha kawaida hakina. Nilipoanza kazi sikuelewa kwa nini nyimbo zilezile zikipigwa na kinanda huwa kama chakula kilichosahauliwa chumvi. Siku hizi naelewa. Ni zile robo sauti zimepotea. (Vipo vinanda vinavyoweza kuwekwa robo sauti, na wapigaji wa Kiarabu huvitumia kila siku. Hapa kwetu wengi tunavyo na hatujawahi kukigusa kitufe hicho.)

Sitamsahau Mzee Joseph Ngala wa Freretown na saksafoni yake, aliyetupa bango, mtindo wa muziki wa hapa pwani. Huyo angehitaji barua yake peke yake.

Tukitoka nje ya pwani, muziki wa aina hii ulipewa jina moja, muziki wa dunia. Jina hilo lilikubaliwa mwaka 1987 na watu wa kampuni ndogo za santuri waliokutana kwenye baa moja jijini London, wakitafuta namna ya kuyafanya maduka yaweke rafu moja kwa ajili ya santuri za nchi mbalimbali. Ni jina la rafu, na rafu haikuambii nani alimfuata nani. Juu yake wamekaa pamoja watu waliofanya mambo yasiyofanana hata kidogo.

Thomas Mapfumo wa Zimbabwe, kwa mfano. Miaka ya 1970, nchi yake ikiwa ingali inaitwa Rhodesia, mpiga gitaa wake Jonah Sithole alizibana nyaya za gitaa kwa kiganja ili zitoe mlio mfupi kama wa mbira, ile ala ya vyuma ya Washona. Gitaa ndilo lililokwenda shule kwa mbira. Baadaye mbira zenyewe zikaletwa jukwaani, na magitaa tayari yalikuwa yanaijua lugha yake, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi wa aina tuliouona Likoni. Kila ninapousikia muziki huo namkumbuka yule kijana wa kinanda. Hakuwa mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ala yake nayo yaweza kwenda shule.

Konono Nº1 wa Kinshasa walitoka upande mwingine kabisa. Mwanzilishi wao, Mawangu Mingiedi, alitaka likembe yake, ala ya vyuma jamii ya mbira, isikike mbele ya kelele za jiji, akatengeneza vipaza sauti kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Sauti ikatoka ikikwaruza, ikinguruma. Mimi kama fundi ningeambiwa niondoe mkwaruzo ule. Wao waliuacha, ukawa ndio muziki, na albamu yao ya 2004 ikawafikisha Ulaya na Marekani. Na jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma mwenye ilimba, nayo ni jamii ya mbira, na zeze. Mwaka 2002 alitoa albamu pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Muziki wa Wagogo una mpangilio wake wa sauti, usiolingana na wa piano, na ilimba inaufuata huo. Ukiisikiliza albamu hiyo utasikia gitaa la mgeni likizunguka pembeni, likijaza nafasi, bila kuiambia ilimba kwamba haiko sawa.

Mpaka hapa nimesema juu ya sauti. Mdundo ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Chakacha huhesabiwa sita. Ndani ya sita hiyo unaweza kusikia tatu mara mbili, au mbili mara tatu, zote kwa wakati mmoja, na nyonga ya mchezaji ndiyo inayochagua. Ngoma ni tatu: vumi inashika chini, msondo unasema, chapuo inachokoza. Wanawake wamefunga leso viunoni, na mpiga ngoma mzuri hapigi akiangalia ngoma yake, anaangalia leso. Akiona mmoja amechangamka anamwongezea, akiona duara limechoka anateremsha. Nimekaa nyuma ya mixa nikaona mzee akibadilisha mpigo kwa sababu tu bibi mmoja, pengine wa miaka 70, ameinuka kitini.

Bendi zetu ziliwahi kuubeba mdundo huo vizuri. Them Mushrooms wanajulikana dunia nzima kwa "Jambo Bwana" ya 1982, lakini kwangu mimi heshima yao kubwa ni kuichukua chakacha ya kina mama na kuigawa kwa magitaa na dramu, kila ala ikapewa kazi ya ngoma fulani. Mombasa Roots nao wakaipeleka kwenye disko. Sita ilibaki sita. Mtu wa Bondeni aliyezoea chakacha ya uani aliweza kuingia hoteli ya ufukweni akacheza bila kujikwaa.

Sasa angalieni kinachofanyika studio. Programu ya kompyuta ikifunguliwa huja imeshapangwa kwa hesabu ya nne. Prodyusa asipoibadilisha, chakacha itaingia humo ikinyooshwa, kama mkeka uliokunjwa kwa nguvu uenee kabatini. Kisha anamwita mpiga ngoma, anarekodi sekunde 8, anazikata, anazirudiarudia dakika nne nzima. Ngoma imo, huwezi kusema haimo. Ila haimwoni mtu tena. Yule bibi akiinuka kitini, hakuna atakayejua.

Namjua mzee mmoja aliyerekodiwa hivyo kwenye studio ambayo sitaitaja. Alilipwa mara moja, pesa ya kula siku mbili. Sekunde zake nimezisikia kwenye nyimbo tatu tofauti, za waimbaji tofauti, na jina lake halipo hata kwenye mmoja. Nilimchezea moja kwa simu yangu. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hapa ningebadilisha." Hakusema neno juu ya pesa.

Vijana wananipa hoja, na nazisikiliza, maana wanangu mwenyewe wamo. Wanasema bila biti hakuna redio itakayoupiga wimbo, na mzee wa nzumari asiposikika kabisa hatarithiwa na mtu. Ni kweli. Wanasema pia kijana wa Kisauni hana pesa za kuwalipa wapiga ngoma watano. Hiyo nayo ni kweli, nimeona daftari zao. Na wapo waliotumia biti bila kujipoteza. Nyota Ndogo aliimba juu ya biti za kisasa na bado ukimsikia sentensi moja unajua huyu katoka pwani, kwa jinsi anavyolivuta neno la mwisho kama watu wa tarabu. Kwa hiyo siwaambii wavunje kompyuta. Nawaambia waanze na ngoma. Mrekodini mzee wimbo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, mtu akicheza mbele yake, ndipo kompyuta ihesabu kwa kumfuata yeye. Programu hizo zinaweza. Zina uwezo wa kusoma mwendo wa mpigaji na kujipanga nao. Na jina lake liandikwe. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza 2004, linataka wanaopanda jukwaani wapige mubashara, bila muziki uliorekodiwa nyuma yao, na nimeona vijana waliozoea kuimba juu ya biti wakilazimika kutafuta mpiga ngoma, wakarudi na wimbo uliokua.

Nasi mafundi tuna letu. Mimi sasa nikiitwa kwenye kazi yenye ala ya jadi, siigusi spika ya kinanda kwanza. Namwomba mwenye nzumari apulize noti yake ya chini na kuishikilia, kisha naenda na mpiga kinanda tukakisogeza kinanda hadi kikae hapo. Noti nyingine hazitaoana zote, kwa hiyo nzumari inapolia namwomba mpiga kinanda asipige makodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ashike ile moja tu na kuiacha ilie chini kama zulia. Maikrofoni ya msondo naiweka upande wa mkono wa mpigaji, si katikati, ili maneno yake yasikike. Besi naipunguza hadi vumi ionekane kuwa ndiyo besi.

Mwezi uliopita nilikuwa Mtongwe. Mpiga kinanda alikuwa binti wa miaka kama 19, sikuwahi kumwona kabla. Nikawa najiandaa kumweleza yote haya. Alipomaliza kuunganisha waya zake alimsogelea mpiga nzumari, akachutama mbele ya kiti chake, akamuuliza, "Shikamoo babu. Wewe waanzia wapi?" Mzee akajaza mashavu, akamwonyesha.