Jiolojia si migodi tu

Mdogo wangu, unauliza kama ukisoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) ajira ni migodini tu. Hapana. Migodi ya dhahabu ya Geita na North Mara inaajiri kweli, ila dhahabu ikishuka bei, bajeti ya utafutaji wa madini hukatwa mapema. Mimi ningekushauri uegemee maji ya ardhini. Miji inakua, visima vinahitajika, na kuchimba bila kupima miamba ni kutupa pesa za wananchi. Dodoma yenyewe kwa sehemu kubwa hunywa maji ya visima vya Makutupora. Kuna pia gesi ya Mtwara, na kwa jirani zetu Kenya, umeme wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, huko Olkaria. Fizikia na kemia usizilegeze, na anza mapema kujifunza programu za kuchora ramani.