Barua kwa mwanangu aliyeko Alice Springs

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Unasema kwamba kliniki kwenu bibi wawili wa Kiaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, walibishana mbele yako kuhusu kadi ya serikali ya kununulia mahitaji, mmoja akisema ilimwokoa na mwingine akisema ilimvunjia heshima, ukaniuliza: je, serikali ya Australia ilikosea kuingilia kati maisha ya jamii zao mwaka 2007, ikiwa ni kweli watoto walikuwa wakiumizwa? Najua unaniuliza mimi kwa sababu nimestaafu kutoka ustawi wa jamii, na hujawahi kunisikia nikisema kwamba ya nyumbani yaachiwe wenye nyumba.

Watoto walikuwa wakiumizwa, hilo tusilizunguke. Ripoti ya Rex Wild na Pat Anderson, iliyotolewa Juni 2007, ilieleza kwamba ukatili wa kingono dhidi ya watoto wa Kiaborijini wa Northern Territory, eneo la kaskazini mwa Australia ulipo wewe, ulikuwa tatizo zito, lililofungamana na pombe, msongamano wa watu katika nyumba, ukosefu wa kazi na elimu duni. Ilikuwa na mapendekezo 97, na la kwanza kabisa lilitaka hatua zibuniwe kwa kushauriana kwa dhati na Waaborijini wenyewe. Tarehe 21 mwezi huohuo Waziri Mkuu John Howard na waziri wake Mal Brough wakatangaza hali ya dharura, wanajeshi wakatumwa kusaidia kazi za ugavi, na mwezi Agosti Bunge likapitisha kwa siku chache tu rundo la sheria la takribani kurasa 500, upinzani nao ukiunga mkono. Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Howard na Brough wote wawili walipoteza viti vyao Novemba, lakini waliowarithi hawakuirudisha nyuma kazi ile.

Sasa angalia kilichokuwa ndani ya sheria hizo. Jamii 73 ziliwekwa chini ya usimamizi maalumu. Serikali ilijipa haki ya kukodi ardhi yao kwa miaka 5 bila ridhaa yao, ikalegeza utaratibu wa vibali vya wageni kuingia, ikapiga marufuku pombe na picha za ngono, na ikazuia nusu ya posho za serikali za kila mkazi ili zitumike kwa chakula, nguo na kodi ya nyumba tu. Ili haya yote yasipingwe mahakamani kwa hoja ya ubaguzi, utekelezaji wa Sheria ya Ubaguzi wa Rangi ya mwaka 1975 ulisimamishwa. Ripoti ile haikuwa imeomba ardhi ya mtu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba dharura haina muda wa kuuliza. Katika kazi yangu, taarifa ya mtoto anayeumizwa ilipofika ofisini, tulimtafuta mtoto huyo na tukamtafuta mtuhumiwa wake. Hatukuzuia kipato cha mtaa mzima. Kule, bibi aliyelea wajukuu wake vizuri miaka yote alikatwa nusu ya posho sawasawa na mlevi, kwa kuwa tu anwani yake ilikuwa ndani ya mpaka uliochorwa. Barabarani, kwenye lango la kila jamii, likasimikwa bango kubwa la bluu la kutangaza marufuku ya pombe na picha za ngono, na wanaume waliokuwa wakienda kuwinda au kuzika walipita chini ya tangazo hilo kana kwamba wote wameshatiwa hatiani. Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba jamii nyingi zilikuwa zimeshajipigia marufuku pombe zenyewe, kwa sheria za Territory, miaka mingi kabla ya Howard kuwafikiria.

Kuhusu kadi yenyewe, bibi zako wote wawili wanasema kweli. Mwanzoni, kwa ile nusu ya posho iliyozuiwa, watu walipewa vocha za maduka makubwa ya mjini. Ile kadi ya kijani ilikuja Septemba 2008. Ilikubaliwa katika maduka yaliyoidhinishwa tu na salio halikuandikwa juu yake, kwa hiyo mama angeweza kufika kwa keshia na toroli limejaa, kadi ikakataliwa, akaanza kurudisha maziwa na nyama huku foleni ikimtazama. Hiyo ndiyo aibu ya bibi wa pili. Wa kwanza, naye, alipata kisingizio cha heshima cha kuwanyima ndugu waliozoea kumkamua siku ya posho, na wanawake kama yeye walikuwa wengi kiasi. Bess Price, Mwaborijini wa kabila la Warlpiri, aliitetea hatua ya serikali hadharani kwa ajili yao. Rosalie Kunoth-Monks, Mwaborijini wa jamii iitwayo Utopia, aliipinga kwa ukali uleule. Usiamini anayekuambia kwamba Waaborijini walikuwa na sauti moja.

Vipimo vyenyewe haviisaidii sana serikali. Tathmini kubwa ya mwaka 2014 haikupata ushahidi wa maana kwamba kuzuia posho kulifikia malengo yake kwa waliolazimishwa. Wachumi waliofuatilia jinsi utaratibu ulivyoenea kutoka jamii moja hadi nyingine waligundua kwamba mahudhurio ya shule yalishuka katika miezi ya mwanzo, na kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati huo walizaliwa na uzito mdogo zaidi kwa wastani. Wewe ni muuguzi, unajua maana ya hilo kuliko mimi. Upande wa pili, vituo vya polisi vilifika mahali ambapo mwanamke aliyepigwa hakuwa na pa kukimbilia, na upimaji wa afya uliwafikia maelfu ya watoto, wengi wao wakiwa na masikio na meno mabovu. Nyumba, ambazo msongamano wake ripoti iliutaja kama sehemu ya tatizo, zilichelewa mno. Kufikia katikati ya 2009 mpango wa mamia ya mamilioni ya dola ulikuwa haujamaliza hata nyumba moja mpya.

Halafu ukaja mwaka 2022. Sheria zilizorithi zile za 2007 ziliisha muda wake mwezi Julai, na marufuku ya pombe ikaondoka nazo katika jamii nyingi, ingawa mashirika ya Waaborijini yenyewe yalikuwa yameomba isiondolewe ghafla. Vurugu zilipopamba moto Alice Springs, Waziri Mkuu Anthony Albanese akafika Januari 2023, na mwezi uliofuata vizuizi vikarudishwa. Mimi naona kosa la 2022 ni lilelile la 2007: waliingia bila kusikiliza, wakatoka bila kusikiliza.

Umeuliza pia ningefanya nini kama ningekuwa afisa pale. Ningepeleka polisi na wauguzi wiki ileile, bila kusubiri kikao. Ningeweka kadi kwa anayeitaka, na kwa mzazi ambaye imethibitika analewea chakula cha watoto, tena kwa shauri linalosikilizwa na kukatiwa rufaa. Fedha zote zilizobaki ningezipeleka kwenye nyumba. Ardhi nisingeigusa.

Nijulishe likizo yako imeangukia mwezi gani, baba yako anataka kujua kabla hajalipia mabati.

Mama yako