Seva ya barua pepe kwenye laptopu: iache itume na itunze, isipokee

Inawezekana kabisa kuendesha seva ya barua pepe kwenye laptopu ya kawaida, ileile unayofanyia kazi mchana na kuifunga usiku. Nimeishi na mpangilio huo kwa miaka na sina mpango wa kuuacha. Ila wengi wanaoniomba ushauri wanauliza swali moja lililobeba kazi tatu ndani yake: kupokea barua kutoka duniani kote, kutuma barua zako, na kutunza barua ulizonazo. Laptopu inafaa sana kwa kazi mbili za mwisho. Ya kwanza haiwezi kuifanya vizuri, na ukiilazimisha utapoteza barua bila hata kujua zimepotea.

Nianze na hiyo ya kupokea, kwa sababu ndiyo inayowavutia watu. Wazo ni rahisi: unasajili domeini (jina lako la intaneti, lile linalofuata alama ya @), unaweka rekodi ya MX, inayosema barua za domeini hiyo zipelekwe seva gani, ikielekeza nyumbani kwako, unafungua poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, basi. Woga wa kwanza wa kila mtu ni kwamba laptopu ikilala barua zitapotea. Hapo kuna nafuu. SMTP, lugha ambayo seva hutumia kupelekeana barua, ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo mashine kutopatikana lilikuwa jambo la kawaida, na hadi leo kanuni zake zinaitaka seva inayotuma iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Ukifunga laptopu usiku, barua ya kawaida itakusubiri. Isiyosubiri ni ile ya kubadilisha nywila, yenye namba inayokwisha muda baada ya dakika chache. Mtumaji akijaribu mara ya kwanza akakukosa, anaweza kurudi nusu saa baadaye, na namba imeshakufa.

Lakini usingizi wa laptopu si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni anwani. Watoa huduma wengi wa intaneti za nyumbani na za simu hawakupi anwani ya IP ya kwako peke yako. Wanakuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Fungua ruta yako uangalie anwani iliyopewa kwa upande wa nje. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, uko kwenye fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, na hakuna seva ya nje itakayoweza kukufikia hata ufungue poti zote.

Wapo wanaopewa anwani ya umma, ila inayobadilika. Hawa ndio ninaowahofia zaidi. Anwani yako ikibadilika, rekodi za DNS, daftari linalounganisha majina ya intaneti na anwani, zinaendelea kwa muda kuelekeza kwenye ile ya zamani, na ile ya zamani sasa ina mtu mwingine. Barua zako zinabisha hodi kwa mgeni. Kama mashine yake haijibu, sawa, mtumaji atarudi baadaye. Kama ina seva ya barua isiyoitambua domeini yako, kwa kawaida itajibu kwa msimbo unaoanza na 5, kama 550, maana yake "hapana, na usirudi", na barua inarudishwa kwa aliyeituma. Na kama mashine hiyo imewekwa kupokea kila kitu, mgeni huyo anasoma barua zako. Hakuna hata moja kati ya hayo litakaloonekana kwenye logi (kumbukumbu za matukio) za laptopu yako, maana hayajatokea kwako. Kwa hiyo nasema bila kusita: usiielekeze rekodi ya MX kwenye laptopu.

Kutuma moja kwa moja kutoka nyumbani nako kuna ukuta wake. Watoa huduma wengi hufunga poti 25 ya kutoka nje ili kompyuta zilizoambukizwa zisimwage barua taka. Hata ikiwa wazi, Spamhaus, shirika linalofuatilia barua taka, wanayo orodha iitwayo PBL, yenye mafungu ya anwani ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, na mengi huingizwa humo na watoa huduma wenyewe. Kuwemo si lawama kwako. Ni aina ya anwani uliyonayo. Zaidi ya hapo, seva za wapokeaji hutaka rekodi ya PTR, inayotoka kwenye namba kurudi kwenye jina, na rekodi hiyo huwekwa na mwenye anwani, yaani mtoa huduma wako. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wameyabana zaidi masharti haya kwa watumaji wote.

Njia inayofanya kazi ni hii: laptopu ipokee barua kutoka kwako wewe tu, iziweke kwenye foleni, kisha izikabidhi kwa seva ya kupitishia yenye sifa nzuri kwa wapokeaji. Seva hiyo inaweza kuwa ya kampuni unayolipia barua pepe, au seva ndogo ya kukodi yenye anwani isiyobadilika. Utaifikia kwa poti 587 au 465, ambazo kwa kawaida hazifungwi kama 25.

Mimi natumia Postfix, programu ya seva ya barua aliyoiandika Wietse Venema na ikatolewa mwaka 1998. Nayaamini sana mafaili yake ya mipangilio kwa sababu yanasomeka na kila neno limeelezwa. Kiini cha /etc/postfix/main.cf kwenye laptopu ni mistari hii:

inet_interfaces = loopback-only
relayhost = [smtp.example.com]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = secure
smtp_tls_CAfile = /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt

Mstari wa kwanza ndio mlinzi wa mlango. Unaiambia Postfix isikilize ndani ya mashine tu, hivyo ukikaa kwenye wifi ya watu hakuna jirani atakayeweza kuigusa. Mabano ya mraba kwenye mstari wa pili si pambo: yanaizuia Postfix kutafuta rekodi ya MX ya jina hilo, iende kwenye mashine uliyoitaja yenyewe.

Mstari wa smtp_tls_security_level naomba uutazame kwa makini, kwa sababu maelekezo mengi huweka encrypt. Neno hilo linalazimisha mawasiliano yasimbwe, lakini halikagui kama seva ya upande wa pili ndiyo kweli unayoitaka. Kwenye kompyuta isiyohama hatari yake ni ndogo. Laptopu inahama. Leo iko ofisini, kesho kwenye wifi ya hoteli, na mwenye mtandao ule anaweza kusimamisha seva bandia yenye jina lilelile. Postfix itaikubali na kuikabidhi nywila yako, imesimbwa vizuri kabisa, kwa mwizi. Ukiweka secure, cheti kinakaguliwa na jina linalinganishwa, na visipolingana barua inabaki kwenye foleni. Afadhali barua ichelewe. (Njia ya faili la vyeti niliyoandika hapo juu ni ya Debian, aina mojawapo ya Linux, na jamaa zake; kwingine inaweza kuwa tofauti.)

Jina na nywila ya seva ya kupitishia vinakaa kwenye sasl_passwd. Lipe faili hilo ruhusa ya 600 ili mwenyewe tu alisome, liendeshee postmap ili Postfix iweze kulitumia, na kama mtoa huduma anakuruhusu kuunda nywila ya pekee kwa ajili ya programu moja, tumia hiyo badala ya ile kuu. Laptopu ikiibwa utaifuta nywila hiyo moja na maisha yataendelea.

Ukiona kwenye logi maneno "No worthy mechs found", usianze kubadilisha nywila. Angalia kwanza kama ule mstari wa noanonymous upo, kwa sababu bila huo Postfix hukataa njia zinazotuma nywila wazi, hata ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa. Kama upo, kwenye Debian hakikisha kifurushi cha libsasl2-modules kimewekwa. Mara nyingi ni moja kati ya hayo mawili.

Kuna kasoro nyingine inayozikumba laptopu zaidi. Kwenye matoleo mengi ya Debian, sehemu ya Postfix inayotuma barua hufungiwa ndani ya /var/spool/postfix na kutumia nakala yake ya faili la resolv.conf, linalotaja seva za DNS za kuulizwa. Ukihama mtandao, faili la mfumo linabadilika, lakini nakala ile inaweza kubaki ya jana. Kivinjari kinafanya kazi, kila kitu kinafanya kazi, ila logi ya Postfix inalalamika "Host or domain name not found". Kuiwasha upya Postfix kunainakili tena. Ukiona linajirudia, weka hatua hiyo kwenye skripti nitakayoitaja hapa chini.

Sasa foleni, sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndiyo sababu sikubali kutumia laptopu isiyo nayo. Naandika nikiwa safarini bila mtandao wowote, nabonyeza tuma, naendelea na barua nyingine. Postfix inazishika. Mtandao ukirudi, zinaondoka. Kwa kawaida muda wa kusubiri kati ya jaribio na jaribio hukua kutoka sekunde 300 hadi 4000, na baada ya siku 5 barua isiyotoka hurudishwa. Zile sekunde 4000 ni zaidi ya saa nzima, nyingi mno kwa mtu aliyefungua laptopu kwa dakika chache. Kama unatumia NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Linux, weka skripti fupi kwenye /etc/NetworkManager/dispatcher.d/ inayoendesha postqueue -f kila mtandao unapounganishwa. Foleni inasukumwa papo hapo.

Lakini foleni ina upande wa pili, na huu ujue kabla hujaanza kuitegemea. Programu yako ya kuandikia itakuambia barua imetumwa mara tu Postfix inapoipokea. Bado iko kwenye diski yako. Nywila ya seva ya kupitishia ikiwa imekwisha muda, barua zinaweza kulala humo siku 5 huku wewe ukisubiri majibu ya watu ambao hawajaandikiwa. Postfix ina mpangilio wa delay_warning_time wa kukuonya, ila notisi yenyewe hutumwa kwa anwani yako, na anwani yako iko ng'ambo ya seva ileile inayokukataa. Notisi nayo itakwama. Mimi nimeweka mstari kwenye mipangilio ya terminali unaoendesha mailq na kunionyesha foleni kila ninapofungua dirisha jipya. Ikiwa tupu, inasema "Mail queue is empty". Ikiwa na kitu, chini ya barua iliyokwama kuna sababu yake, ndani ya mabano. Soma sababu hiyo: ikiwa na msimbo unaoanza na 4 ni ya muda, itajaribiwa tena. Msimbo unaoanza na 5 ni wa kudumu.

Kama haya yote ni mengi kwako na unatuma barua ukiwa mtandaoni tu, programu ya msmtp inatosha. Ni ndogo, faili lake la mipangilio ni fupi, na yenyewe haina foleni.

Kwa kutunza, natumia mbsync kuvuta barua kutoka kwenye seva ya IMAP, yaani sanduku langu lililoko mtandaoni, na kuziweka kwenye laptopu kwa muundo wa Maildir, ambapo kila barua ni faili lake. Barua mpya huandikwa kwanza kwenye folda ya tmp, ikikamilika ndipo inahamishiwa new, na ukishaisoma inakaa cur. Betri ikikata ghafla, kinachoharibika ni faili moja lililokuwa njiani, wakati sanduku la mtindo wa zamani lenye kila kitu ndani ya faili moja linaweza kuvurugika. Juu yake naweka notmuch kwa kutafutia, na inajibu haraka hata intaneti ikiwa imekatika. Wanaopenda kusomea barua kwenye Thunderbird wanaweza kuweka Dovecot, seva ya IMAP, isikilize kwenye 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya laptopu, isome Maildir hiyohiyo.

Usiihesabu mbsync kuwa hifadhi ya akiba. Kazi yake ni kuzifanya pande mbili zifanane, na ukiiruhusu kufuta, kosa la upande mmoja linafika upande wa pili. Nakala ya akiba iende kwenye diski nyingine. Na diski ya laptopu isimbwe yote, bila mjadala, kwa sababu sasa imebeba barua zako za miaka mingi.

Kwa yule ambaye bado anataka kupokea mwenyewe, ipo njia ya haki. Kodi seva ndogo yenye anwani isiyobadilika, mwenye mashine akubali kuweka PTR na kufungua poti 25. Rekodi ya MX ielekezwe hapo. Iunganishe na laptopu kwa WireGuard, njia ya ndani iliyosimbwa kati ya mashine zenu, seva ishike barua hadi laptopu iamke. Postfix inakubali amri ya ETRN, iliyowekwa mwaka 1996 kwa ajili ya mashine zinazounganishwa kwa vipindi: laptopu ikiamka inasema "nipo, nipe zangu", na foleni inamiminika kupitia njia yenu ya ndani. Ongeza muda wa foleni kwenye seva hiyo, maana siku 5 ni chache ukienda likizo.

Domeini, lakini, nunua hata kama hutaendesha seva yoyote. Anwani iliyo chini ya domeini yako inahama nawe kutoka kampuni moja hadi nyingine bila mtu yeyote kujua, na hilo linakupa uhuru kuliko Postfix na Dovecot kwa pamoja. Washa malipo ya kujirudia ya usajili. Na kwenye akaunti ya msajili usiweke anwani iliyo ndani ya domeini hiyohiyo: ikikwisha muda, onyo la mwisho litatumwa kwenye sanduku ambalo limeshafungwa.

Kabla ya kuhamia kikamilifu, zima wifi, jiandikie barua kwenye akaunti yako nyingine, uone ilivyokaa kwenye mailq. Washa wifi uangalie logi hadi iseme status=sent. Kisha fungua barua hiyo upande wa pili, tazama vichwa vyake vyote, utafute mstari wa Authentication-Results. Unataka spf=pass na dkim=pass, vyote viwili, ukaguzi unaothibitisha kuwa barua imetoka kweli kwa domeini inayodai. Kikikosekana kimoja, kwa kawaida kimekosekana kwenye DNS ya domeini yako au kwenye seva ya kupitishia. Laptopu mara chache huhusika, usikimbilie kuigusa.