Usisome hilo tangazo Jumapili, unga bado hauko stoo

Dada, zuia hilo tangazo. Umeandika kwamba mgombea wa eneo lenu amewaahidi vifurushi 200 vya chakula cha Krismasi, na Jumapili hii katibu anasoma kanisani kuwa kila mwenye shida afike tarehe 23 asubuhi. Halafu unauliza mtie nini kwenye kifurushi, watoto wafanyiwe sherehe gani, kwaya izunguke mtaani usiku au la, na makao ya watoto yatembelewe kabla au baada ya sikukuu. Mnachagua mapazia na nyumba haina paa, jamani.

Kanisa letu liko upande wa Kisauni. Mwaka mmoja tulikuwa tumechangishana wenyewe, polepole, pesa za kutosha familia sitini hivi: wajane, wazee wanaolea wajukuu, na vijana kadhaa waliosimamishwa kazi za hoteli. Majina yako kwenye daftari, vifurushi viko stoo. Mambo shwari. Kisha mwenyekiti wa kamati akatuletea jamaa mmoja, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akajitambulisha kuwa msaidizi wa mheshimiwa. Akatwambia, "Nyinyi watumishi wa Mungu mnajibana bure. Iteni watu wote, lori la mheshimiwa litawatosha na chenji itabaki." Hiyo chenji nikiikumbuka meno yanauma hadi leo. Akasisitiza watu wawe wengi, kwa sababu mheshimiwa hapendi kupigwa picha na viti vitupu. Mtu anakwambia wazi anachokuja kuchukua, na kamati nzima inaitikia amina, mimi nikiwa wa kwanza.

Tukatangaza. Sasa wewe ni wa Mombasa, unajua tangazo la kanisani halilali kanisani. Jioni lilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya Bombolulu, Mishomoroni na Mtopanga. Kesho yake watu wa Likoni wanaulizana wakishuka feri wapande matatu gani.

Siku yenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, nilimkuta bibi mmoja langoni ameketi juu ya beseni lake alilolifudikiza chini, na nyuma yake foleni imepinda mpaka barabarani. Kufikia saa nne jua la Desemba limewaka, kaskazi yenyewe inavuma moto, na turubai tulilokodi ni moja. Nikampigia msaidizi. "Tuko njiani, lori liko mizani Mariakani." Saa tano, Mariakani. Saa saba, Mariakani. Saa nane simu imezimwa. Kwa ninavyojua mimi hilo lori bado linapimwa uzito, likipita nitawajuza hapa.

Wale wa kwenye daftari walikuwa mle mle ndani ya umati. Chakula chao kipo, mlango wa stoo uko nyuma yangu. Lakini ukimwita mmoja kwa jina, umpe, aondoke, yule aliyekaa juani tangu alfajiri utamwambia nini? Tulijaribu. Lango likasukumwa, meza ikapinduka, pakiti za ngano zikapasuka na watu wakawa wanauzoa unga pamoja na mchanga wake. Bibi wa beseni akaanguka kwa jua. Vijana wakamtia kwenye tuktuk hadi zahanati. Alipozinduka, alhamdulillahi kama alivyosema mwenyewe, la kwanza kuuliza lilikuwa beseni lake liko wapi. Halikupatikana. Tulimnunulia jingine, na hiyo ndiyo risiti pekee ya siku ile ninayoweza kuitazama bila hasira.

Ili watu watulie, kamati ikakimbilia duka la jumla Kongowea kukopa. Ukienda kununua siku mbili kabla ya Krismasi huku umelowa jasho, na simu inalia kila dakika, hakuna kupatana bei. Mikokoteni ikaja, ikashushwa, na bado haikutosha nusu ya watu. Dhamana ya lile deni ilikuwa pesa za mabati ya darasa la shule ya Jumapili. Tulilipa mpaka Pasaka ikapita. Masika ikawakuta watoto wakifundishwa chini ya turubai. Mwenyekiti alihamia kanisa la Mikindani, ati ni karibu na kazi. Msaidizi tukamwona uchaguzi ulipokaribia, amevaa kofia ya chama kingine. Shati lile lile.

Utakumbuka Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipokataa mamilioni ambayo Rais Ruto alikuwa ametoa kanisa Katoliki la Soweto, yakaamriwa yarudishwe. Kuna waliosema ni majivuno. Mimi nilimwonea wivu. Yeye alikuwa na kitu cha kurudisha, sisi tungerudisha nini, Mariakani?

Kwa hiyo sheria yetu siku hizi ni moja, imebandikwa ndani ya mlango wa stoo: kisichokuwa humu hakitangazwi. Mtu akiahidi, mshukuruni, mwambieni alete kabla ya tarehe 15, mweka hazina ahesabu na kufungia. Vikiingia, jina lake litajwe kanisani, hakuna ubaya. Akianza kuuliza kamera zitakaa upande gani, mshajua.

Na hata vikiingia, msiite watu langoni! Wapeni akina mama wa kanisa majina, wapeleke nyumba kwa nyumba jioni, bila spika wala mabango. Mzee wa mtaa na watu wa Nyumba Kumi wanajua ni jiko la nani halijawashwa wiki hii, ila orodha yao ipitiwe na watu wengine wawili, maana mzee wa mtaa naye ana shemeji wengi. Nusu ya majina yatakuwa ya Waislamu na ndivyo inavyopaswa kuwa. Hao ndio wanaotugongea mlango na sahani ya futari Ramadhani. Mkipika pilau ya wote, mbuzi achinjwe na Mwislamu, asibaki mtu anatazama sufuria kwa mbali.

Kifurushi: ngano kwanza, siku hiyo watu wanataka chapati. Bela moja ni pakiti 12 za kilo mbili, kwa hiyo inakwenda familia 12. Sukari nunueni gunia la kilo 50 mpime wenyewe, pojo na mchele vivyo hivyo. Mafuta ya mtungi wa lita 20 ni nafuu, lakini mkianza kuyagawa kwenye chupa nusu yataishia sakafuni, nunueni yaliyofungwa. Bakisheni kitu cha Januari pia. Krismasi kila mtu ni mkarimu, halafu shule zikifunguliwa mtoto hana sare na hakuna anayemuuliza.

Sherehe ya watoto, soda na wali vinatosha. Mambo ya kwaya waulizeni wenye sauti. Makao ya watoto ulisema kabla au baada... pigeni simu muulize wenyewe, Desemba wageni huwajaa siku moja, kisha watoto wakasahaulika miezi yote.

Ila kuna sentensi uliipitisha chini kabisa, kwamba mtu wa mgombea anataka mumpe idadi ya watakaofika. Msimpe. Mpeni namba ya mwenye ufunguo wa stoo, aulize saa ngapi ashushe mzigo. Na katibu mpigie leo hii, matangazo ya Jumapili huwa yameshachapwa kufikia Ijumaa.